Herufi Saba Safarini Lamu



Wasomaji wetu watukufu, akina mama na jamaa wote mlioukosa ukurasa huu wa safari wiki iliyopita, tunawataka radhi. Udhuru wetu ni kwamba tulikuwa Lamu, na shughuli iliyotupeleka huko ni ya namna ambayo, lau mtu angalitutabiria miaka miwili nyuma, tungalimcheka. Tulikwenda kupuliza maputo.

Hatusemi yale maputo ya mpira tuliyoyajua udogoni, yaliyouzwa uwanjani siku ya Idi yakapasuka kabla ya adhuhuri. Tunasema haya ya foili, yang'aayo kama fedha na dhahabu, yenye sura za nyota, mwezi na herufi. Siku hizi ni nadra mtu kuingia katika harusi au akika hapa pwani asiyaone yamepangwa ukutani nyuma ya kiti cha mwenye shughuli.

Mjukuu wa dada yetu, binti wa miaka 11, alikuwa amekhitimu Qur'ani. Dada yetu ameolewa Lamu, na nyumba yake iko Langoni, si mbali na Msikiti wa Riyadha. Mama yake mtoto alimwandikia mke wetu kuwa wanataka neno HONGERA kwa herufi za dhahabu, pamoja na nyota mbili. Herufi hizo huuzwa moja moja, na huko walikuwa wamepata A na E peke yake, tena zenye rangi mbili tofauti. Chini ya ujumbe ule mtoto mwenyewe aliongeza kwamba Babu Sheikh ndiye azilete, na Babu Sheikh ndiye azipulize.

Hapa hatuna budi kueleza jambo ambalo tungependelea kulinyamazia. Miaka miwili iliyopita, katika darsa yetu ya akina mama, tuliulizwa juu ya mapambo ya sherehe. Swali lilikuwa jepesi, na jibu lake lingeweza kuwa la kadiri: kwamba israfu haifai, na kwamba furaha ya halali haina ubaya. Badala yake tuliingiwa na ladha ya maneno yetu wenyewe. Tukasema wauzao maputo wanauza upepo, na wanunuao wananunua upepo, na pesa ya upepo haina baraka. Akina mama wakacheka, nasi tukafurahi kuwa tumechekesha.

Katika safu ya nyuma alikuwako mjane mmoja wa Kibokoni, mama wa watoto wanne, ambaye chakula cha nyumba yake hutoka katika kazi hiyo hiyo. Hatukumjua, wala hatukuuliza. Wiki ile jamaa wawili waliokuwa wamempa kazi ya harusi walivunja mapatano, na mmoja alimwambia waziwazi kuwa Sheikh amesema pesa yake haina baraka. Habari hizi zilitufikia baada ya miezi mingi. Mke wetu alitueleza usiku mmoja baada ya chakula, bila kuinua sauti, kisha akaenda kulala. Tulikusudia kwenda kumwona mama yule, na kusudio hilo tukalibeba mwaka mzima bila ya kulitua.

Basi ulipokuja ujumbe wa Lamu, tulijitia kuzunguka mjini, kutoka Marikiti hadi Biashara Street penye maduka ya leso, tukiulizia herufi. Tulikuta bei nyingi na ushauri mchache. Tuliporudi nyumbani tulimkuta mke wetu amekwisha zipata. Hakututaka shauri, alikwenda Kibokoni akazinunua kwa mama yule yule. Mbele yake palikuwa na bahasha moja nyembamba. Herufi saba na nyota mbili, zote zimelala bapa, hazikuzidi uzito wa juzuu moja ya watoto. Pamoja nazo palikuwa na pampu ndogo ya mkono, mirija minne ya kunywea soda, mpindo wa uzi wa kuvulia samaki, na karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma chuoni:

"Mwambie Sheikh asijaze mpaka mikunjo yote ya pembeni iishe, aache kidogo. Asiziweke juani. Asibandike kwa gundi kwenye ukuta wa chokaa, atumie uzi. Na zikisha kazi asizitupe."

Tuliisoma mara mbili. Hapakuwa na neno jingine.

Basi letu liliondoka Mombasa baada ya sala ya alfajiri. Njia ya kwenda Lamu tumeipita mara nyingi, na kila mara hutuonyesha kuwa pwani yetu si kitu kimoja. Mpaka Kilifi ni minazi na mikorosho, na daraja lile refu juu ya mkono wa bahari ambapo abiria wote hugeuza nyuso upande mmoja. Kisha Gede, ambako chini ya miti mikubwa zimelala kuta za mji wa wazee wetu. Malindi basi lilisimama, tukanywa chai na mahamri. Baada ya hapo nchi hubadilika. Minazi hupungua, ardhi huwa tambarare, na ukikaribia Garsen unaanza kuona ng'ombe wengi na wachungaji wao wenye fimbo mabegani, kisha mto Tana, mpana na mwekundu kwa udongo. Zamani kipande hiki kilikuwa ni vumbi na mashimo; sasa ni lami, na mtu anaweza kusinzia.

Hatukusinzia sana, kwa sababu ya ukaguzi. Wasafiri wa njia hii wanajua kwamba huteremshwa na mizigo hufunguliwa. Askari mmoja kijana alifungua mkoba wetu, akatoa pampu, akaigeuzageuza.

"Mzee, hii ni ya nini?"

"Ya kujazia maputo, mwanangu."

Aliitazama kofia yetu, akaitazama kanzu, akairudia pampu. "Maputo, Sheikh?"

"Maputo."

Akamwita mwenzake. Tukalazimika kuitoa H kutoka bahashani na kuikunjua pale kando ya barabara, mbele ya abiria wote, ikimeta kwa jua. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yetu na mtoto mgongoni akasema kwa sauti, "Mashallah, na herufi nzuri!" Askari akacheka, akaturudishia vitu vyetu kwa heshima. Tangu hapo hadi Mokowe, katika basi lile hatukuitwa Sheikh tena ila Babu Maputo.

Kutoka gatini Mokowe hadi mjini Lamu ni safari ya boti ya chini ya nusu saa. Kwanza ni mikoko pande zote, ile mikoko ambayo boriti zake zimeezekea nyumba za pwani hii na kusafirishwa hadi Ghuba kwa karne nyingi. Kisha mfereji hufunguka, na mji unakaa mbele yako ukingoni mwa maji, mweupe na wa kijivu, na madau yamefungwa mbele yake. Mji huu uliingizwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, lakini mgeni akiteremka hana haja ya kuambiwa. Punda wanabeba mawe na saruji, paka wanalala kwenye mabaraza, na njia ni nyembamba hata watu wawili wenye mizigo hawana budi kupishana kwa adabu. Tulipita mbele ya Ngome, iliyokamilika mwaka 1821, tukakata kuelekea Langoni. Mtoto alikuwa amekaa katika daka la nyumba yao akitungoja. Alitubusu mkono, kisha kabla hatujauliza hali ya mtu yeyote akauliza, "Babu, O imo?"

Tukamwambia imo. Kwa nini alikuwa na hofu na O kuliko nyingine hatujui mpaka leo.

Nyumba ya dada yetu ni ya mawe ya zamani, na kiwanda chake kiko wazi kwa mbingu. Upande mmoja wa kiwanda ni msana, chumba kirefu chenye zidaka ukutani, vile vijumba vidogo vya chokaa vilivyochongwa kwa nakshi, ambamo zamani viliwekwa vyombo vya China. Hapo ndipo shughuli ingefanyika siku ya pili baada ya Alasiri. Usiku ule tulikaa na watoto kwenye mkeka tukazifungua herufi, na kwa kuwa tulikuwa mwanafunzi katika jambo hili, tulizichunguza kama tulivyokuwa tukichunguza kitabu kigeni chuoni.

Puto la foili si foili ya jikoni. Ni utando wa plastiki aina ya polista, mwembamba mno, uliopakwa aluminiamu kidogo sana ili ung'ae. Vipande viwili vya utando huo vimekatwa sura moja na kuunganishwa pembezoni kwa joto. Huo ndio mshono wake. Tofauti yake na puto la mpira ni kubwa. Mpira hunyumbuka, na hewa hupenya polepole katika ngozi yake, ndiyo sababu kesho yake limenywea. Utando huu haunyumbuki, na hewa haipenyi kwa urahisi, kwa hiyo huweza kukaa limejaa kwa siku nyingi. Lakini kwa kuwa halinyumbuki, halina subira. Likijazwa kupita kipimo chake, mshono huachia.

Mkiani mna mwanya mdogo. Ndani ya mwanya huo kuna ndimi mbili za plastiki laini zilizolaliana. Mrija ukiingizwa taratibu huzitenganisha. Ukiisha jaza na kuutoa, hewa iliyo ndani huzibana ndimi zile zikajifunga zenyewe, hapana haja ya fundo. Anayeusukuma mrija kwa pupa huutoboa ulimi mmoja, na puto hilo halitashika hewa tena. Tulijaribu kwa mdomo kwanza, E ikatuchukua pumzi saba au nane. Binti mmoja wa jirani akatueleza kuwa pampu ni bora, kwa sababu pumzi ya mtu ina unyevu, na unyevu huzigandisha zile ndimi. Tukamwachia pampu yeye, ikadhihiri kuwa ana mkono mwepesi kuliko wetu.

Mwenye khitma aliuliza kwa nini herufi hazipai kama zile alizoziona katika picha. Tukamweleza kuwa zile zimejazwa heliamu, gesi nyepesi kuliko hewa, itokayo ardhini pamoja na gesi asilia. Marekani na Qatar ndizo zitoazo nyingi duniani, na mwaka 2016 ilitangazwa kuwa imegunduliwa pia kwa jirani zetu Tanzania, katika Bonde la Rukwa. Ni gesi ya gharama, na huhitajiwa hospitalini kupozea mashine kubwa za kupigia picha za ndani ya mwili. Isitoshe, herufi ndogo kama zetu, za sentimita 40, hazibebi gesi ya kutosha kuinua hata uzito wa utando wao wenyewe, zimeumbwa kutundikwa. Na maadamu tumeitaja, tunawaomba wazazi wasiwaache watoto waivute ili kubadilisha sauti kwa mzaha, kwani huchukua nafasi ya hewa kifuani na imekwisha kuua watu. Wala mtu asithubutu kutia gesi nyingine yenye kushika moto kwa kutafuta rahisi.

Asubuhi, baada ya kahawa, tulizijaza zote na kuzipanga katika kiwanda ili tuzione zilivyokaa. Zilikuwa nzuri, hatutaficha. Ila pembezoni mwake zilibaki na mikunjo midogo midogo, kama leso iliyotoka kufuliwa, na macho yetu hayakuipenda. Tulijiambia kuwa mtoto amehifadhi adabu miaka yote hii, haifai apewe herufi zenye makunyanzi. Karatasi ya mama wa Kibokoni ilikuwa mfukoni mwetu. Tukaichukua O, tukaiongeza pampu tatu, nne, tano, hata ikawa laini kama yai. Tukaiweka chini, tukaenda zetu msanani kunywa kikombe cha pili.

Jua la Lamu huingia katika kiwanda kwa kona. Mnamo saa tatu lilikuwa limefika katikati. Hewa inayopata joto hutaka nafasi. Joto likipanda kwa nyuzi 10 tu, hewa huhitaji nafasi zaidi kwa takriban asilimia 3, na kitu chenye kung'aa kilichowekwa juani juu ya sakafu ya chokaa hupata zaidi ya nyuzi 10. Herufi nyingine zilikuwa na ile mikunjo. Zilipohitaji nafasi, mikunjo ndiyo ilikuwa nafasi. O haikuwa nayo.

Mlio wake ulikuwa mkavu na mfupi. Paka walitawanyika, na mtoto akatoka ndani mbio. Aliiangalia O iliyopasuka mshono wake wa ndani, akatuangalia sisi. Hakulia. Alisema tu, "Babu, si iliandikwa?" kwani usiku alikuwa ameisoma karatasi ile kwa sauti, yeye mwenyewe, mbele yetu.

Tuna miaka zaidi ya 30 ya kuwasomesha watoto kuzingatia kilichoandikwa.

Duka lenye O halikupatikana mji mzima. Tulikwenda wenyewe, Usita wa Mui kutoka kichwa hadi mkia, tukitoa salamu na kuulizia herufi, na kila mahali tukajibiwa kwa ukarimu na kupewa kitu kingine: namba sifuri ya fedha, mwezi wa buluu, moyo. Tuliporudi na mikono mitupu, mkwewe dada yetu, bibi wa miaka zaidi ya 80 ambaye tangu jana hakuwa ametamka neno juu ya maputo, aliagiza aletewe ukuti mbichi. Aliuchambua, akaukunja duara kwa ukubwa wa herufi nyingine, akaufunga. Kisha akawaita wajukuu. "Ndooni," akasema, na wakakaa kumzunguka. Palikuwa na mrehani na asumini iliyowekwa kwa ajili ya vikuba vya wageni. Wakaanza na mrehani chini, kisha asumini juu yake, kwa uzi na sindano, hata ukuti wote ukafunikwa.

Tulikaa pembeni tukitazama, na tukakumbuka chuo chetu. Kila mwaka ulipokaribia Maulidi, mwalimu wetu, Allah amrehemu, alikuwa akitununulia karatasi za rangi, nasi tulizikata pembe tatu na kuzibandika kwa uji wa ngano kwenye kamba, tukazifunga kutoka dirisha hadi dirisha. Wako wazee waliosema kuwa karatasi zile ni upuuzi. Mwalimu hakuwajibu; alikuwa juu ya ngazi, ameshika kamba. Hilo tulikuwa tumelisahau kabisa siku ile ya darsa.

Kutundika nako kuna elimu yake. Kijana mmoja alitaka kubandika kwa gundi ya karatasi kama afanyavyo katika kumbi za Mombasa, na gundi ikang'oka na unga wa chokaa. Ukuta wa zamani hautaki gundi. Kila mnato huondoka na ngozi ya ukuta, na zidaka zile hazina fundi wa kila mtaa. Tukaupitisha uzi wa kuvulia katika vitundu vilivyo juu ya kila herufi, tukaufunga boriti kwa boriti. H, kisha duara la asumini, kisha N, G, E, R, A. Uzi ule haukuonekana, na upepo mdogo wa kiwandani ulizifanya zizunguke polepole, isipokuwa O ambayo ilikuwa nzito na ikatulia.

Baada ya Alasiri wanaume tulikaa madakani, na akina mama wakajaa ndani. Ubani ulitangulia kutoka, kisha sauti ya mtoto akisoma sura za mwisho. Hatutaieleza sauti ile. Dua ikasomwa, halua na kahawa zikapita, na marashi yakarashiwa mpaka barabarani.

Ulipokaribia Magharibi, vijana wawili walishauri kwamba zile nyota mbili zipandishwe darini, zirushwe, upepo wa kusi uzichukue hadi Manda au Pate, nao wapige picha. Watoto wakashangilia. Hapa tulikataa, na tunasema kwa nini, kwa sababu hili ndilo tulilopaswa kulisema siku ile tulipoulizwa na akina mama.

Aluminiamu hupitisha umeme. Tazameni juu katika njia za Lamu, au za Mji wa Kale wetu Mombasa: nyaya zimekaribiana kutoka ukuta hadi ukuta. Puto la foili likitua baina ya waya na waya huunganisha kile ambacho fundi alikitenganisha, pakatoka cheche na mtaa ukakaa gizani. Huko California, Marekani, madhara haya yamekithiri hata ikatungwa sheria mwaka 2022 kwamba kufikia 2031 maputo ya foili yauzwayo huko yawe ya aina isiyopitisha umeme. Na lisilotua kwenye waya litatua baharini. Kaskazini ya Lamu, kuelekea Kiunga, kuna hifadhi ya bahari ambako kasa hutaga mchangani. Miongoni mwa vyakula vya kasa ni konyeza, yule kiumbe laini wa majini mfano wa utando, na puto lililonywea likielea halina tofauti kubwa na konyeza machoni pake. Akilimeza halisagiki tumboni. Nchi yetu ilikwisha piga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017. Hili nalo ni plastiki iliyovaa dhahabu. Ubaya wake hauko katika kupuliza wala kutundika. Uko katika kuachia na kutupa, na muuzaji wa Kibokoni alikuwa ameliandika hilo katika maneno manne kabla yetu.

Nyota hazikurushwa. Usiku ule, watu walipoondoka, tuliziteremsha. Mtoto alishika mrija, akauingiza mkiani, nasi tukazikanda taratibu kutoka ncha hadi mkia mpaka hewa yote ikatoka na zikalala bapa tena. Tukazipangusa, tukazikunja katika bahasha ile ile. Duara la asumini alilala nalo kitandani.

Turudi Mombasa. Siku ya pili baada ya kuwasili, tulimwomba mke wetu atufuatishe Kibokoni. Nyumba yenyewe iko katika kijia kisichofika jua, na mlangoni pamewekwa kabati la kioo lenye pakiti za herufi zilizopangwa kwa alfabeti. Mama yule alipotuona alisimama, akavuta mtandio wake, akatukaribisha kwa maneno yote ya heshima ambayo hatukuyastahiki. Kahawa ikaletwa. Tulimwambia tulichokwenda kumwambia: kwamba tulisema bila ya ujuzi, kwamba maneno yale yalimtoa riziki mkononi, na kwamba tunamwomba atusamehe. Tukamwambia pia kuwa Alhamisi inayokuja tutalirudia jambo hili katika darsa ile ile, mbele ya akina mama wale wale.

Alinyamaza kwa muda. Mtoto wake mdogo alikuwa anafanya hesabu za shule juu ya mkeka.

"Usilitaje jina langu, Sheikh," akasema.

Tukamwahidi.

"Wale waliovunja kazi hawakurudi. Wengine walikuja." Akamimina kahawa. "Herufi gani ilipasuka?"

Tulikuwa hatujamwambia kuwa ilipasuka herufi. Mke wetu akatazama upande mwingine.

"O," tukasema.

"Uliijaza ukaiweka juani."

"Ndiyo."

"O ina mshono nje na mshono ndani. Ule wa ndani ndio unaotaka huruma." Akanyoosha mkono. "Na nyingine mlizifanyaje?"

Tukaitoa bahasha mfukoni, tukampa. Alizihesabu: herufi sita, nyota mbili. Akaichagua H, akaikunjua juu ya goti lake, akamwita mwanawe amletee mrija, na akaanza kuijaza kujaribu kama ndimi zake bado zinashika.